Uuguzi Ujerumani: mwaka wa kwanza ni beseni la maji na macho yaliyofunguka

Kila mara napokea ujumbe kutoka nyumbani, Mombasa, Kilifi, hata Tanga, wa vijana wanaotaka kuja Ujerumani kusomea uuguzi. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa uhamiaji wa kazi mjini Berlin, Septemba 13, 2024, maswali yamezidi. Wengi huulizia viza na mshahara. Kisha kuna wale wanaouliza kwa sauti ya chini kidogo: "Lakini dada, ni kweli huko mnafundishwa kuosha wazee tu?"

Swali hilo ndilo ninalotaka kulijibu leo, na kwa kirefu. Nalisikia likiulizwa kwa dharau, na dharau hiyo imewafanya vijana wazuri sana kufika huku hali wamejiandaa kwa kazi nyingine kabisa.

Kwanza mpangilio wenyewe, nisikawie nao. Mafunzo haya, ambayo huku kila mtu anayaita Ausbildung, ni ya miaka mitatu. Unaajiriwa na hospitali, nyumba ya wazee au kampuni inayohudumia wagonjwa majumbani, unalipwa kila mwezi, na shule unakwenda kwa vipindi, wiki kadhaa darasani halafu wiki kadhaa kazini. Kwenye taasisi za umma malipo ya mwaka wa kwanza yanapita euro 1,300 kabla ya makato. Sheria inayoyasimamia ilianza kutumika Januari 1, 2020, nayo iliunganisha fani tatu zilizokuwa zikisomwa mbalimbali: uuguzi wa wagonjwa, wa watoto na wa wazee. Kwa jumla ni saa 2,100 za darasani na 2,500 za vitendo, zisipungue. Saa 400 za mwanzo za vitendo unazifanya kwa mwajiri wako mwenyewe, na miezi sita ya kwanza ni ya majaribio, wewe au yeye akiona hapafai mkataba unavunjwa.

Sasa, ndani ya miezi hiyo mtu hufundishwa nini? Sindano bado. Dripu bado. Unaanza na mikono yako mwenyewe.

Somo la kwanza la vitendo lilikuwa kutakasa mikono kwa dawa yenye spiriti: kiasi cha mililita 3, sekunde 30, ngozi yote ibaki imelowa muda wote huo. Pete, saa, bangili na rangi ya kucha ni marufuku kazini. Mwalimu alituwekea dawa yenye rangi isiyoonekana kwa macho, tukapaka tulivyozoea, kisha tukaingiza mikono ndani ya kisanduku chenye taa ya zambarau. Palipopata dawa pakang'aa, palipokosa pakabaki peusi. Darasa zima, Wajerumani, Wafilipino, Wamoroko na sisi, mahali palepale palibaki peusi: kidole gumba na ncha za vidole, yaani panapomgusa mgonjwa. Hapo ndipo mwalimu alipotusimulia habari za Ignaz Semmelweis, daktari wa Vienna ambaye mwaka 1847 aliwaamuru wenzake wanaotoka kupasua maiti waoshe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wanawake wanaojifungua. Vifo vya wazazi vikashuka sana. Wenzake wengi hawakutaka kumsikia. Kisa hiki nimekisoma tena na tena baadaye, na bado kinaniuma.

Baada ya mikono, beseni.

Kwetu mgonjwa akilazwa, jamaa ndio wanaomwogesha, wanaomlisha uji, wanaombadilisha shuka. Nesi anakuja na dawa, na wodi ina wagonjwa wengi kuliko mikono iliyopo. Ndiyo maana tumekua tukiamini kwamba nesi ni sindano, na kuogesha ni kazi ya shangazi au mtoto wa kike aliyeachishwa shughuli zake aje akae hospitali. Huku jamaa wanakuja kumtembelea mgonjwa wao kisha wanarudi makwao, na huduma yote ya mwili ni ya wauguzi. Nimewaona wenzetu waliokuja na diploma na uzoefu wa miaka wakikabidhiwa beseni asubuhi ya kwanza na nyuso zikawabadilika. Nawaelewa. Hakuna aliyewaambia kwamba huku beseni hilo ni chombo cha uchunguzi.

Nieleze linavyofundishwa. Kabla ya kumgusa mtu unabisha hodi, unajitaja, unamweleza unachotaka kufanya, unasubiri ruhusa. Unafunga dirisha, unavuta pazia. Kitanda unakipandisha hadi usawa wa nyonga zako, mgongo wako ukusaidie miaka mingine thelathini. Unamuuliza maji ayataka ya moto kiasi gani, na anayagusa mwenyewe. Uso kwanza, kwa maji matupu bila sabuni, isipokuwa mwenyewe ameomba. Mwili unafunuliwa sehemu kwa sehemu: ukiosha mkono, kifua kimefunikwa; ukimaliza unakausha, hasa chini ya matiti, kwapani na kwenye mikunjo ya tumbo, kwa sababu unyevu ukibaki hapo ngozi inachubuka. Kabla ya sehemu za siri unabadilisha maji na kitambaa, na mwanamke anaoshwa kutoka mbele kwenda nyuma, uchafu wa haja kubwa usije ukaingia kwenye njia ya mkojo. Na kila anachoweza kufanya mwenyewe, anafanya. Mtu aliyepooza upande mmoja unampa kitambaa kwenye mkono mzima ajifute uso, hata akichukua dakika tano. Ukimfanyia wewe kwa sekunde kumi umemwibia mazoezi yake.

Mwelekezi wangu wa vitendo, yaani muuguzi aliyepangiwa kunifundisha kazini, mama mmoja mwenye maneno machache, hakunisahihisha sana mikono. Alisimama pembeni, na tulipotoka chumbani akauliza swali moja tu: "Umeona nini?"

Hakuwa anauliza kama nimemaliza. Alitaka kusikia kwamba mzee yule leo anahema haraka kuliko jana. Kwamba mkono uliokuwa ukishika kikombe jana, leo umelegea. Kwamba kisigino cha kushoto kina doa. Kwamba alikunja uso nilipomgeuza upande wa kulia ingawa alisema hana maumivu. Ulimi umekauka. Mkojo una rangi nzito, kwa hiyo hanywi maji ya kutosha. Hayo yote yanaonekana wakati wa kuogesha, wakati mwili mzima uko mbele yako kwa robo saa, na hayaonekani na daktari anayepita chumbani kwa dakika tatu. Swali lile alikuwa akiniuliza kila siku niliyofanya naye kazi, na nikawa naingia vyumbani tayari nikijua nitalijibu vipi.

Vipimo navyo vinafundishwa mapema: joto, mapigo, shinikizo la damu, upumuaji. Cha mwisho hicho ndicho chenye ufundi. Mtu akijua unamhesabia pumzi, pumzi zenyewe zinabadilika. Kwa hiyo unaendelea kumshika kifundo cha mkono kama bado unahesabu mapigo, huku jicho liko kifuani. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Ikipanda hadi 25, mara nyingi mwili umeanza kuomba msaada kabla ya joto kupanda, kabla mgonjwa mwenyewe hajalalamika.

Halafu kuna somo ambalo naliona kuwa moyo wa mwaka wa kwanza, nalo ni kuzuia. Mtu asiyejigeuza kitandani anaweza kupata vidonda vya kulalia, damu kuganda mguuni, kichomi, viungo kukakamaa, tumbo kufunga. Kwa kila kimoja unajifunza chanzo chake na namna ya kukizuia. Kwa vidonda vya kulalia unatazama visigino, makalio, nyonga na mfupa wa chini ya mgongo. Ukiona wekundu unabonyeza kwa kidole na kuachia. Pakiwa peupe kisha pakarudi pekundu, damu bado inapita. Pakibaki pekundu vilevile, kidonda kimeshaanza ingawa ngozi haijachanika, na kazi ya kupunguza mgandamizo ni sasa hivi, siyo zamu ijayo.

Hapa nilinyoosha mkono darasani. Picha zote za kitabu zilikuwa za ngozi nyeupe. Wekundu ule kwenye ngozi kama yangu hauonekani hivyo. Unaweza kuwa zambarau, au weusi uliozidi, au usionekane kabisa. Mwalimu alilipokea vizuri na tukalifanyia kazi kipindi kizima: kwa ngozi nyeusi unatumia mgongo wa mkono kuhisi joto, unalinganisha na upande wa pili, unapapasa kama pamekuwa pagumu au pamekuwa laini kupita kawaida, unamuuliza kama panauma. Wazee weusi wapo Ujerumani, na wataongezeka, kwa sababu sisi wenyewe tunazeekea huku. Nawaomba wanafunzi wenzangu kutoka Afrika wasikae kimya kwenye somo hili. Ni letu.

Darasani pia tulifanyiana. Tulisuguana meno kwa mswaki. Tulilishana mtindi, anayelishwa akiwa amefungwa macho, na mlishaji ameagizwa asiseme neno. Mdomo unafunguka hujui kijiko kiko wapi, kinagonga meno, kinakuja kabla hujameza. Baada ya zoezi lile sikuhitaji kuambiwa kwa nini tunamtajia mgonjwa kila tonge kabla ya kumpa, na kwa nini tunaketi badala ya kumsimamia kichwani.

Heshima ya hapa ina sura yake. Kwetu mzee ni bibi au babu, hata kama humjui, na kumwita hivyo ni adabu. Huku ni Frau (Bi.) au Herr (Bw.) na jina la ukoo, hata kama umemwogesha miezi sita. Kumwita bibi kunamvunjia utu wake mbele ya wengine. Nilipoelewa hilo niliacha kuliona kuwa ubaridi. Mtu aliyepoteza nyumba yake, mume wake na uwezo wa kwenda chooni peke yake, jina lake ni miongoni mwa vichache alivyobaki navyo. Kutunza siri nako ni sheria, tena ya jinai. Hupigi picha wodini, humsimulii mwenzako kwenye treni, hata kwa Kiswahili.

Na kuandika. Kila zamu ina ripoti, na kila makabidhiano ya zamu yanataka maneno sahihi. "Mgonjwa hajambo" haikubaliki. Alikula nusu mkate, alikunywa mililita 200, alitembea hadi dirishani akishikiliwa. Tulifundishwa kuandika kilichoonekana, siyo tunavyomhukumu mtu. Usiandike "mzee ni mkali". Andika kwamba alikusukuma mkono ulipomvua shati. Atakayesoma ataanza kujiuliza kama bega linamuuma.

Watu wa Düsseldorf hujivunia kwamba Florence Nightingale alikuja kujifunza pale Kaiserswerth mwaka 1851, kwenye taasisi iliyoanzishwa na mchungaji Theodor Fliedner na mkewe Friederike mwaka 1836. Tangu wakati huo mashine zimekuwa nyingi, lakini sheria ya sasa inasema wazi kwamba kutathmini mahitaji ya mgonjwa, kupanga huduma yake na kupima kama imefaa ni kazi ya muuguzi aliyehitimu peke yake. Mwajiri haruhusiwi kumpa kazi hiyo asiyekuwa na cheti cha uuguzi. Sasa nieleze, utatathmini vipi mtu ambaye hujawahi kumtazama kwa makini? Ndiyo maana wanaanza na beseni. Sindano za chini ya ngozi, kama za insulini, zinakuja baadaye, shule ikishazifundisha na mwelekezi akishakuona ukizifanya mbele yake. Hazina ugumu mkubwa. Ugumu ni kujua kwamba mzee huyu leo hajala, na ukimchoma dozi ileile ya jana sukari yake itashuka vibaya.

Kwa anayejiandaa: cheti cha Kijerumani cha B2, kiwango cha nne kati ya sita vya lugha, ndicho wanachodai waajiri wengi, nawe usiishie hapo. Jifunze majina ya viungo vyote vya mwili, ndani na nje. Jifunze namna watu wanavyoeleza maumivu: yanachoma, yanavuta, yanapwita, yanabana. Fanya mazoezi ya kumweleza mtu hali ya mgonjwa wa kubuni kwa dakika mbili bila kusoma, kwa sababu hicho ndicho utakachotakiwa kufanya saa kumi na mbili alfajiri, kwenye makabidhiano, mbele ya watu waliochoka. Na kabla ya kutia saini mkataba wowote muulize mwajiri mambo mawili: nani atakuwa mwelekezi wangu, na nitakuwa naye siku zipi? Sheria inataka angalau asilimia 10 ya saa za vitendo ziwe za kuelekezwa kwa mpango. Mwajiri mzuri anakujibu kwa jina na ratiba. Omba jibu hilo kwa barua pepe, ulihifadhi pamoja na mkataba.