Maneno ya Kiingereza yalikuwa hayakai kichwani, sasa yanakaa

Nilikuwa nakariri maneno 20 usiku, yakifika Ijumaa yamebaki manne. Kurudia orodha, kupigia mistari kwa kalamu ya rangi, wapi!

Kilichofaa ni vipande vya manila, vinavyoingia mfukoni hata ukingoja daladala ya Raskazone. Mbele sentensi nzima ya Kiswahili: “Mama alifika Tanga jana, alichoka.” Nyuma: “Mother arrived in Tanga yesterday. She was tired.” Sentensi, si neno peke yake, kwa sababu “a-” yetu haitofautishi “he” na “she”.

Jambo dogo lililobadilisha yote: jibu kwa sauti kabla ya kugeuza. Ukichungulia kwanza, macho yanakudanganya kwamba unajua. Kadi tano mpya kwa siku zinatosha kabisa. Rudia kila kadi siku ya 1, 3, 7 na 14 tangu uianze. Uliyokosea inaanza upya.