Amina Kutoka Nje ya Mlango

Baba alipoanza kuumwa hakuna aliyeshtuka, na yeye mwenyewe ndiye aliyetutuliza. Maumivu yalimwanzia kitovuni, akasema ni gesi. Usiku yakahamia chini, upande wa kulia, akasema amejipinda vibaya akiinua mzigo. Kesho yake mchana yakapungua ghafla, akasimama sebuleni na kumshukuru Mungu kwa sauti, akatuambia tumeona wenyewe mtu anavyopona bila daktari. Kumbe nafuu ile ndiyo ilikuwa hatari yenyewe. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka, na usaha ulikuwa unasambaa tumboni kimyakimya. Giza lilipoingia homa ikampanda mpaka akawa anazungumza na watu ambao hawakuwepo chumbani.

Alifanyiwa upasuaji usiku huohuo. Walimsafisha tumbo, wakamwachia mrija wa kutolea usaha, wakamwekea dawa za mishipani. Daktari alimwambia Mama ukweli bila kuupamba: chumba cha upasuaji wamekivuka salama, sasa mapambano ni dhidi ya maambukizi, na hayo hayana haraka.

Ukitaka kuelewa jambo lililotokea baadaye, lazima umjue Mama. Mama ni mtu wa kucheka. Akicheka anatafuta pa kujishikilia, meza, ukuta, bega la mtu asiyemjua, na machozi yanamtoka. Baba alizoea kusema kwamba alimsikia kabla ya kumwona, na kwamba sauti ile ndiyo iliyomfanya ageuke. Tangu usiku ule wa hospitali, Mama alinyamaza. Alifanya kazi zote kama kawaida, aliongea nasi kwa upole, lakini kicheko kilihama nyumbani kwetu. Sote tukamfuata. Mdogo wangu akisema jambo la kuchekesha, tulimkazia macho. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo, lakini sote tuliishika: kucheka wakati Baba yuko kitandani ni kumkosea yeye, na ni kumkosea Mungu tunayemwomba.

Bibi, mama yake Baba, hakuipenda hali ile. Alikuwa na umri wa kutosha kuwa amezika wengi na kuwaona wengi wakipona. Siku moja alimwambia Mama, "Mwanangu, Mungu hajakuambia unyamaze." Mama akajibu, "Nisamehe Mama, sina nguvu." Bibi hakumsukuma zaidi.

Jioni moja watu wa kanisani walikuja kuomba pamoja nasi. Mama alikuwa ametoka hospitali asubuhi, ameambiwa Baba ataendelea kubaki huko siku kadhaa zaidi. Waliokuja hawakuwa wengi: majirani wawili watatu, Shangazi na binti yake mdogo aliyekuwa darasa la pili, na mzee wa kanisa aliyekuwa akituongoza. Mzee huyu ninamheshimu mpaka leo. Aliomba kwa kina na kwa mpangilio. Hakusema tu "Bwana mponye." Alimtaja daktari, akawataja wauguzi wa mchana na wa usiku, akautaja mshono, akauombea hata ule mrija upitishe kila kilicho kibaya. Ukimsikiliza ulijua kwamba mtu huyu anaamini Mungu anajali milimita.

Kabla hatujaanza alitoa angalizo. Alisema mara nyingi watu wakipiga magoti, ndipo simu zinapolia, ndipo watoto wanapogombana, ndipo wageni wasiotarajiwa wanapobisha. Akasema hizo ni mbinu za adui za kututawanya. Basi simu zikazimwa, mlango ukafungwa kwa ufunguo, tukakubaliana hakuna kuinuka mpaka amina ya mwisho.

Tusichokijua ni kwamba jioni ileile daktari alipopita wodini alimkuta Baba hana homa, mrija umekwisha kutolewa, jeraha ni kavu. Wagonjwa walikuwa wengi kuliko vitanda. Akamwambia anaweza kwenda kumalizia dawa nyumbani. Baba akatupigia simu, zote zimezimwa. Mfanyakazi mwenzake aliyekuwa amekwenda kumtazama akamleta kwa gari, akamshusha, akaondoka kwa sababu taa zilikuwa zinawaka na sauti zilisikika ndani. Nani angedhani mtu atafungiwa nje ya nyumba yake iliyojaa watu wake?

Mzee alikuwa amefika mahali pazuri katika sala yake, anaomba kwa nguvu kabisa, "Mrejeshe, Bwana! Mrejeshe katika nyumba hii! Miguu yake ikanyage tena kizingiti hiki!" Mlango ukagongwa.

Hakuna aliyefumbua macho. Ukagongwa tena, polepole, kama mtu asiye na nguvu mkononi. Binti wa Shangazi hakuwa ameahidi lolote kwa mtu yeyote, basi akanyanyuka, akaenda dirishani, akachungulia. Akarudi mbio, akamvuta mama yake nguo.

"Mama, Mjomba yuko mlangoni."

"Shh. Ndiye tunayemwombea."

"Lakini yuko pale nje."

"Umeota wewe. Kaa chini."

"Sijaota! Amevaa suruali kubwa, anaishika kwa mkono."

Mlango ukagongwa mara ya tatu. Mzee wa kanisa, macho yameshikana, akapandisha sauti: "Na ninaikemea kila sauti inayobisha ili kuvuruga maombi haya! Wewe unayebisha, nakuamuru, ondoka mahali hapa, wala usirudi!"

Kimya kidogo. Kisha kutoka nje, kwa sauti nyembamba lakini ambayo kila mmoja wetu angeitambua popote duniani, tukasikia:

"Amina kwa yale ya kwanza, Mzee. Haya ya mwisho naomba uyafute, nimechoka kusimama."

Sijui ni nani aliyefika mlangoni kwanza. Ufunguo ulianguka, ukaokotwa, ukaanguka tena. Mlango ulipofunguka Baba alikuwa pale, amekonda, suruali ameikusanya kwa mkono mmoja, mkono mwingine ameshika ukuta. Mama hakusema neno. Alimshika uso kwa mikono miwili akamtazama, kisha akamwingiza ndani taratibu, tukamketisha.

Mzee wa kanisa alibaki amesimama katikati ya chumba, uso umemshuka. Aliyekuwa akimwomba Mungu amrejeshe Baba ndiye huyohuyo aliyemwamuru asirudi. Alianza kuomba radhi. Bibi akamkatiza, akasema kwa utulivu, "Keti, Mzee. Hata kanisa la mitume yalilikuta." Kisha akamwambia Mama, "Nisomee Matendo, sura ya 12."

Mama akafungua Biblia, akaanza kusoma. Petro yuko gerezani, Herode amemkabidhi kwa vikosi vinne vya askari wanne wanne. Kanisa linamwomba Mungu kwa juhudi. Usiku malaika anampiga Petro ubavuni, minyororo inaanguka, anaambiwa avae viatu vyake, lango la chuma linafunguka lenyewe. Petro anakwenda nyumbani kwa Mariamu mama yake Yohana aitwaye Marko, ambako watu wengi wamekutanika wakiomba. Anabisha. Kijakazi jina lake Roda anaitambua sauti yake, na kwa furaha anakimbilia ndani kutoa habari bila kufungua. Mama akafika pale wanapomjibu: "Una wazimu."

Hapo akasimama. Akamtazama Shangazi. Shangazi akamtazama binti yake. Yule mtoto, ambaye haki yake ilikuwa imethibitishwa na Maandiko, akasema, "Mimi niliambiwa nimeota."

Mama akacheka.

Kilianza mabegani, kikapanda, kikamshinda. Biblia akampa Bibi, akashika meza, machozi yakamtoka. Tulikisikia kicheko kile baada ya siku nyingi za kukikosa na sote tukabebwa nacho, majirani, Shangazi, mzee wa kanisa akiwa wa mwisho kuanza na wa mwisho kumaliza. Baba peke yake alikuwa anajitahidi asicheke, kwa sababu mshono haupendi kicheko. Alikuwa amefundishwa na wauguzi kwamba akikohoa au akicheka akandamize mto tumboni ili jeraha lisivutike. "Nileteeni mto!" akasema, "nileteeni mto upesi, huyu mwanamke ataniua baada ya madaktari kushindwa!" Ndiyo ikawa mbaya zaidi.

Nimeisoma sura ile mara nyingi tangu jioni ile, na kila mara ninamshukuru Luka, mwandishi wa Matendo. Angeweza kuandika kwa kifupi kwamba kanisa liliomba, Petro akatoka, wote wakamsifu Mungu. Hakuna ambaye angedai zaidi. Lakini alimwacha Roda akimbie, akawaacha waombaji wabishane naye, akaandika hata lile jibu lao lingine kwamba bila shaka ni malaika wake, wakati Petro mwenyewe yuko nje anaendelea kugonga. Lango la gereza lilifunguka lenyewe. Mlango uliokawia ulikuwa wa nyumba ya maombi. Ninaamini Luka alijua wasomaji watacheka, na aliona inafaa wacheke, kwa sababu wale waliosema "Una wazimu" ndio haohao waliojibiwa. Mungu hakusubiri imani yao ifikie kimo fulani. Alimtuma Petro mlangoni kwa watu ambao hawakutegemea kumwona.

Ipo, najua, aina ya kicheko ambayo Zaburi ya kwanza inatuonya tusiketi barazani pake, kile cha wenye mizaha, kinachomdharau Mungu na kumdhalilisha mtu. Kilichotushika sebuleni kilikuwa kitu kingine. Hakuna aliyedharauliwa. Mzee wa kanisa alichekwa akiwa amekumbatiwa. Sala yake ilikuwa imejibiwa akiwa bado anaisema, na mtu anayejibiwa kwa kasi hiyo ana haki ya kushangaa. Nilipomwangalia Mama nilielewa kwamba sheria tuliyojiwekea haikutoka kwa Mungu. Tulidhani huzuni yetu ndiyo inayoyapa maombi uzito, wakati Yeye, katika Mwanzo 18, alikwenda kwenye hema la mwanamke mzee akamwahidi mtoto, na mwanamke akacheka moyoni, kisha akakana kwamba hakucheka, na Mungu hakuifuta ahadi. Alimwambia tu, "Sivyo, umecheka," akaendelea na mpango wake. Ningependa kujua sauti ilikuwaje aliposema maneno hayo. Mimi husikia upole ndani yake.

Kicheko kilipotulia, Baba akabaki ameshika mto wake, macho chini. Akasema kitandani jirani na chake alilazwa kijana mwenye ugonjwa kama wake, aliyechelewa kuliko yeye. Mama wa kijana yule alikuwa anapiga magoti sakafuni kila jioni, muda wa kuona wagonjwa. "Aliomba kuliko sisi wote," Baba akasema. "Juzi alfajiri walimfunika."

Hakuna aliyejibu haraka, na ninashukuru kwamba hakuna aliyejaribu. Bibi ndiye aliyesema, baada ya muda, kwamba sura ya 12 haianzi na Petro. Inaanza na Yakobo, ndugu yake Yohana, aliyeuawa kwa upanga na Herode huyohuyo. Kanisa lililomwombea Petro lazima lilimpenda na Yakobo. Luka ameyaweka mambo hayo mawili mistari michache tu mbali, wala hakueleza kwa nini mmoja alitoka na mwingine hakutoka. Bibi naye hakueleza. Alisema tu, "Yule mama usiku huu hana wa kumbishia mlango. Tumwombee yeye."

Tukarudi kwenye maombi. Hayakuwa mafupi, na hayakuwa ya huzuni tupu wala ya furaha tupu. Mama aliomba huku bado anajifuta machozi ambayo sidhani hata yeye angeweza kuyagawa, haya ya kicheko na haya ya kilio. Tuliwataja waliobaki wodini. Baba aliwajua kwa majina, mmoja mmoja, na hali ya kila mmoja, na nikaona kumbe wakati sisi tunamwombea yeye, yeye alikuwa akiwaombea wao.

Mwishoni Bibi akamwomba mzee wa kanisa afunge kwa sala. Akakubali. Lakini kwanza alinyanyua kiti chake, akakisogeza mpaka karibu na mlango, akauomba ufunguo kwa Shangazi, akaushika mkononi.

"Wote tumo ndani, Mzee," Baba akamwambia.

"Huwezi kujua," akajibu, akaanza kuomba.