Siku Moja na Goti Moja na Nusu

Saa 9:45 usiku goti huniamsha kabla ya simu. Haliumi, limekakamaa tu. Limelala limekunjwa, sasa linataka kubembelezwa. Nakaa ukingoni mwa kitanda, nanyoosha mguu wa kushoto, nakaza msuli wa paja huku nahesabu mpaka 10, nalegeza. Mara 20. Mama watoto anaguna, anageukia ukutani. Miezi minane ya kuhesabu gizani imemtosha.

Leo mwezi ni wa 17. Sisi wavuvi wa mshipi hatuulizi tarehe, tunauliza mwezi. Ukiandama au ukiwa mpevu maji huwa bamvua, yaani hujaa sana na kutoka sana, na hapa Dar bamvua hujaa alfajiri na kujaa tena jioni, katikati ya siku yakatoka mpaka mawe yakaanikwa juani. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Leo nimekadiria kilele saa 11:30, kwa hiyo nikiwa mchangani saa 10:30 nitayakuta bado yanapanda, na samaki wanapanda nayo.

Kutoka Mwananyamala mpaka Coco Beach napanda bajaji. Bodaboda ni rahisi zaidi, ila kupandisha mguu juu ya kiti na kuukunja njia nzima ni kuanza siku kwa deni. Fimbo ya kuvulia inatoka nje ya bajaji kama mlingoti. Dereva ananiuliza kila siku kama nimewahi kupata papa.

Saa 10:30. Mzee wetu ameshafika, yuko juu ya mwamba wake kama kawaida.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Goti limeamkaje?"

"Limeamka kabla yangu."

Mwamba huo ndio ulionivunja. Ule wa pembeni yake, kwa kweli, lakini naulaumu wote. Nilikuwa nimesimama kwa ubavu, kisigino cha kushoto kimeingia kwenye tundu la jiwe, nikavuta fimbo nyuma mpaka kiuno kikalia, nikaachia kwa nguvu zangu zote. Mwili ukageuka kuelekea baharini. Mguu ukabaki ulipokuwa. Nilisikia kitu kama mtu amevunja muwa mbichi. Picha ya hospitali ilisema gegedu la ndani ya goti limechanika. Chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, lilienda mbali sana siku ile, nalikumbuka mpaka leo, hatua 100 na zaidi.

Kwa miaka mingi niliamini natupa kwa mikono. Dada wa mazoezi ya viungo ndiye aliyenionyesha kwamba nilikuwa natupa kwa goti. Alinipa fimbo ya ufagio pale kliniki, akaniambia, "Kaka, nitupie." Nikatupa hewani. Akacheka. "Goti ni bawaba," akasema. "Mlango unafunguka na kufungwa. Wewe unataka uzunguke kama feni." Goti lililokunjwa linageuka kidogo, na lililonyooka karibu haligeuki kabisa. Linalogeuka ni nyonga na mabega. Mguu ukinaswa, iwe kwenye tundu au kwenye mchanga mlaini, mzunguko wote unaishia kwenye gegedu.

Basi sasa nafanya hivi. Kwanza natafuta mchanga wa kusimamia. Ule mkavu wa juu unameza mguu, siutaki. Nataka ule uliopigwa na maji ukaganda, ambao nyayo haizami zaidi ya unene wa kidole. Maji yakinifuata narudi nyuma hatua mbili tatu, sisubiri wimbi lichimbe chini ya kisigino.

Pili, vidole vya mguu wa mbele. Zamani vilielekea kando ya ufukwe, ubavu kwa bahari. Sasa vinatazama baharini, kule chubwi linakokwenda, kwa hiyo mwili ukimaliza kugeuka unamkuta mguu ameshatangulia. Goti limelegea kidogo, halijakazwa. Mguu wa nyuma ndio unaozunguka: kisigino kinanyanyuka, nasugua kwa mbele ya unyayo kama mtu anayezima kipande cha sigara.

Tatu, na hili lilinichukua miezi mitatu, mkono wa kushoto. Watupaji wengi, mimi nikiwamo, tunasukuma kwa mkono wa juu na ule wa chini unashika tu kitako cha fimbo kwa adabu. Sasa wa chini unavuta. Wa kulia unapanda mpaka juu ya paji la uso na kusimama pale pale, wa kushoto unakokota kitako kuja mbavuni, haraka, kama unavuta kamba ya kisimani. Fimbo inajikunja yenyewe na kufyatuka yenyewe. Mtu akikutazama anadhani umetupa kwa uvivu.

Zamani pia nilikuwa nalaza chubwi mchangani nyuma yangu na kulikokota kwa mwili mzima. Huko kumekwisha. Linaning'inia sasa, kama nusu ya urefu wa fimbo, nalituliza mpaka liache kuyumba, ndipo naenda. Uzito nimeushusha kutoka gramu 150 mpaka 90. Mshipi nao nimepunguza unene, kwa sababu mwembamba unakatika hewani kwa urahisi zaidi kuliko mnene, namaanisha unaikata hewa, usije ukanunua mbovu. Mbele yake nimefunga kipande kinene, mara mbili ya urefu wa fimbo, kipokee mshtuko wa kutupa. Usipofunga hicho, chubwi litaondoka peke yake na kukuachia mshipi unaopepea. Na huwezi kujua limetua wapi, au kwa nani.

Nikipima kwa hatua, natupa 55. Nilikuwa natupa 90. Nilijaribu pia kubadili miguu, wa kulia mbele, nikatupa upande wa kushoto mpaka karibu na kijana mmoja aliyekuwa anakimbia mazoezi. Aliniita "mzee" kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nina miaka 41.

Saa 11:20. Kusi, ule upepo wa kusini, unavuma, unanipiga bega la kulia, mshipi unapinda kuelekea kaskazini. Nalenga kulia kidogo ili upepo unirudishie. Chambo ni ngisi wa jana kutoka soko la Feri, kipande chembamba kilichofungwa kwa uzi ili kisitoke ndoanani njiani.

Changu wa kwanza anakuja kabla ya mwanga, mdogo wa kiganja, namrudisha. Wa pili ni wa sufuria. Halafu kimya. Halafu fimbo inagonga mara mbili, inalala. Zamani ningekimbia kurudi nyuma nikipandisha mchanga. Sasa nasimama, nanyanyua fimbo, nashusha huku nazungusha rili, nasubiri wimbi linalokuja linisukumie. Wimbi linafanya kazi ya miguu. Anatoka changu wa karibu kilo, na anayemfuata ni tasi.

Tasi ni mtamu lakini ana miiba ya sumu mgongoni na tumboni. Namshika kwa kitambaa kibichi. Kama hujawahi kuchomwa na tasi, siwezi kukueleza. Kama umewahi, huhitaji maelezo. Dawa tuliyofundishwa ni maji ya moto ya kuvumilika, mkono ukae humo.

Saa 1:30 asubuhi maji yameanza kutoka na samaki wameondoka nayo. Nina changu wanne na tasi wawili. Mama lishe ananunua changu wote bila kubishana, jambo linalonitia wasiwasi kwamba nimeuza rahisi. Chai ya rangi, chapati mbili, nimekaa juu ya ndoo, mguu umenyooka.

Saa 3 kliniki. Kupanda na kushuka ngazi moja, mara 15 kila mguu. Kusimama mguu mmoja huku dada ananirushia mpira. Nauliza kama mwezi ujao naweza kurudi mwambani. Ananitazama tu.

Saa 5:40. Hii ndiyo saa nisiyoikosa, ingawa sishiki fimbo. Maji yametoka mpaka mbali, kina mama wameinama mawe kwa mawe wakitafuta pweza, na sakafu yote ninayovulia alfajiri imelala wazi kama nyumba isiyo na paa. Nakaa juu, na daftari. Nachora. Kuna jiwe lenye nundu kama ngamia. Kutoka pale, kuelekea baharini, kuna mfereji unaokata mwamba, na mwisho wake shimo lenye maji ya kijani yasiyokauka hata bamvua likitoka lote. Nahesabu hatua, nikisaidiwa na mtoto anayeokota chaza ambaye nimemlipa 500 atembee na kuhesabu kwa sauti. Kutoka mahali ninaposimama alfajiri, mfereji uko hatua 38. Shimo hatua 50.

Fikiria hilo. Miaka 12 nilikuwa natupa hatua 90 na kuuvusha mshipi juu ya mlango wa samaki. Maji yakijaa, changu na tasi hupita kwenye mfereji kuja kula juu ya mwamba, karibu na miguu ya watu. Mimi nilikuwa nafunga safari kwenda kule walikotoka.

Saa 7 mpaka saa 9 niko nyumbani. Wali, mchicha, tasi wa kukaanga. Nafunga ndoana za kuuza kwa wavuvi wa Jumamosi, fundo moja baada ya jingine, mguu juu ya mto na kifuko cha barafu. Pesa yake si mbaya, na mafundo hayana magoti.

Saa 10:30 jioni narudi. Coco jioni ina watu, mihogo, muziki, watoto wanaopita nyuma ya fimbo bila kutazama. Kutupa kwa juu kunanisaidia hapa pia, chubwi halizunguki ubavuni. Natazama nyuma kila mara hata hivyo. Nasimama mstari mmoja na jiwe la ngamia, ambalo sasa limefunikwa, nalijua kwa povu tu.

Mtupo wa tatu unaanguka mferejini pale pale. Sikuamini nilivyoliona chubwi likizama nilipotaka. Changu. Mwingine. Kijana aliye upande wangu anatupa mbali kuliko mimi mara mbili, kwa kishindo, na mguu wake wa mbele umezama mchangani mpaka kwenye kifundo. Namwambia, "Mdogo wangu, utoe huo mguu." Anasema ahsante kaka, anaendelea vile vile.

Jua limezama nyuma yetu, maji yako kileleni, mzee anaita kutoka mwambani. Ana kolekole wa urefu wa mkono na anataka kushuka. Nasogea chini ya jiwe, nampa bega, anashuka kwa makalio, taratibu, akiguna kila hatua.

"Mzee, nawe magoti?"

"Tangu hujaoa."

"Na mimi nilidhani unatupa karibu kwa sababu unajua samaki walipo."

"Nilianza kwa sababu ya magoti," anasema, anafuta mchanga. "Samaki niliwakuta huko."

Ananipa ndoo nimbebee mpaka barabarani. Kesho maji yatajaa kama saa 12:15 asubuhi, kwa hiyo nategesha simu saa 10:30. Dakika 45 za usingizi wa bure. Goti halijui kusoma saa, litaniamsha saa 9:45.