Usiniambie mgonjwa ni nani

Watu wakijua narusha chopa ya wagonjwa hapa Moshi lazima waulize, hivi huogopi? Naogopa. Ila naogopa huruma yangu kuliko ninavyouogopa mlima, na nikiwajibu hivyo wengi wanaona nakwepa swali, kwa hiyo leo ngoja nielezee.

Kwetu rubani haambiwi habari za mgonjwa mpaka awe ameshaamua kama anaruka au haruki. Naambiwa kambi gani, watu wangapi, kilo ngapi, basi. Marubani wengi wa kazi hii huko Marekani nao wanafanya hivyo na utaratibu wenyewe umeletwa na ajali, mtu anasikia ni mtoto, anaingia kwenye wingu ambalo siku nyingine asingelisogelea, wanakufa wao na mtoto hajafikiwa.

Na hesabu za Kilimanjaro ni ngumu jamani. Kambi ya Barafu iko mita 4,673, presha ya hewa pale inazidi kidogo tu nusu ya ile ya Dar, mapanga ya chopa hayapati hewa ya kushika na injini nayo inahema. Kwa hiyo unapunguza uzito. Viti vinatolewa, mafuta unaweka ya kwenda na kurudi na akiba yake, maana lita 100 za Jet A-1 ni kama kilo 80, yaani ukizibeba bila sababu huyo ni mtu mzima umemwacha juu. Kuna wanaonikumbusha kwamba mwaka 2005 Mfaransa Didier Delsalle alitua kwenye kilele cha Everest na helikopta ya familia hii hii ninayorusha mimi. Ni kweli, ila alikuwa peke yake, hana machela, hana nesi, hana mgonjwa. Halafu kuna wingu. Alfajiri mlima unauona wote, jua likishapasha msitu unyevu unapanda, ikifika saa nne Mweka kule chini huioni tena, na wenzako kule kambini juani wanashangaa mbona huji.

Sasa ile siku, ilikuwa vuli, simu ikaja saa tatu na nusu asubuhi. Barafu, mmoja, kilo 62. Nikiwa naangalia hali ya hewa kiongozi wao wa msafara akaingia kwenye redio mwenyewe, analia, kaka ni mgumu wetu huyu, kijana wa Kilema, anakohoa mapovu yana damu, tusaidie kaka. Mgumu ndivyo tunavyomwita mpagazi wa mlimani. Mapovu yana damu maana yake mapafu yameshajaa maji kwa uhaba wa hewa ya kule juu. Na mimi ni wa Kilema, baba yangu alikuwa mgumu, amebeba mizigo ya watu kichwani mlima huu huu ndio mimi nikasoma. Nilikuwa nimeshakaa kwenye kiti, mkono upo kwenye swichi, na kusema kweli sikumbuki nikiamua.

Nesi wetu akasema kaka, hebu tazama nje. Msitu wote umefungwa. Kwetu mmoja akisema hapana hakuna kuruka na haulizwi kwanini, awe nesi awe fundi. Nikashuka. Nikawaambia kwenye redio mpeni oksijeni na mshusheni sasa hivi, msitusubiri, maana dawa kubwa ya mapafu ya namna ile ni kushuka, sisi tunakuja kuongezea tu. Wagumu sita wakamfunga kwenye ile machela ya tairi moja wakateremka naye mpaka kambi ya Millennium, mita 3,820, kwenye mvua na mawe yale yanayoteleza. Saa kumi na moja kasoro jioni mlima ukafunguka kidogo upande ule tukaingia. Tumekuta mahema wameshayakandamiza kwa mawe yasiruke na upepo wa mapanga, wamechuchumaa migongo imetugeukia, wameloa, na kijana anaongea. Alfajiri alikuwa hawezi.

Kuna kitu nilikuja kukijua baadaye na bado kinaniuma. Kabla simu haijatufikia ilishakaa zaidi ya saa nzima, mtu wa kampuni yao anauliza nani atalipa. Mtalii ana bima, kadi yake inasomwa namba tunaondoka. Mgumu hana, basi aliyembebea yule mtalii chakula na hema analala na mapafu yake mpaka mtu asaini. Saa ile moja na zaidi ndiyo tungeruka kabla wingu halijafunga! Mi nimekatazwa kumjua mgonjwa ili niamue sawasawa, na huyo wa malipo akatazwe vilevile, aambiwe kambi na kilo tu kama mimi. Makampuni yaweke bima ya uokoaji kwa kila anayevuka geti, mgeni na mgumu, iingizwe kwenye bei ya safari tangu mwanzo, wala sioni ugumu wake uko wapi.

Usiku tulipomaliza kukabidhi hospitali tukakaa nje na nesi tunakunywa chai. Akaniuliza taratibu, kaka, nisingesema kitu pale ungeruka? Nikamwambia ndiyo dada, ningeruka.