Mpinzani wa binti yangu ni babu yake

Binti yangu huwa wa kwanza darasani tangu alipoanza shule. Mwaka huu yuko darasa la nne, na jambo moja limekuwa likininyima raha: hasomi. Anajua nafasi ni yake hata asipofungua daftari.

Watu hunishauri nimshindanishe na kaka yake. Hilo sitaki hata kulisikia. Kijana ana moyo wake na vipaji vyake, na “mwangalie mwenzio” imeshawagombanisha ndugu wengi ninaowajua.

Mpinzani tumempata humu humu nyumbani. Mzee wangu amecheza bao la Kiswahili tangu ujana wake: mashimo 32, kete 64, kila mtu na safu zake mbili za mashimo manane. Siku hizi baada ya alasiri hukaa na mjukuu wake, na wamewekeana sharti lao wenyewe. Kabla ya kutakata, yaani kuzungusha kete upande wake bila kula za mwenzake, mchezaji ataje shimo ambamo kete ya mwisho italala, yaani shimo tupu ambapo mwendo wake utaishia. Akipatia, pointi ni yake. Akikosea, ni ya mwenzake.

Jana nilikaa pembeni nikawasikiliza. Binti alikuwa na kete 5 kwenye shimo la safu ya nyuma. Mikono mapajani, macho yanazunguka ubao, ananong'ona: “Tano zinanifikisha pale penye tatu. Na yangu ni nne, nazibeba, naendelea…” Akaenda hivyo mpaka mwisho, akataja shimo. Babu akatabasamu.

“Hufiki huko, bibi. Lile uliloanzia si umeshalimaliza? Liko tupu.”

Akacheza, na kete ikalala kwenye shimo lile lile tupu. Hakununa. Akasema, “Babu, tena!”

Hiyo “tena” ndiyo niliyokuwa naitafuta. Darasani hana wa kumshinda, kwa hiyo hana sababu ya kurudia kitu. Usiku alinifuata jikoni: mtu akiwa na kete 20 shimoni, ya mwisho itaangukia wapi? Kabla sijajibu akajijibu: 16 zinazunguka upande wake wote, zinabaki 4, kwa hiyo shimo la nne mbele ya alipoanzia. Kugawanya kwa baki, somo lililokuwa likimchosha kwenye daftari, alilifanya huku akinimenyea vitunguu.

Ninavyoona, ushindani huu unamfaa kwa sababu babu hamwachii hata kidogo. Mtoto mwepesi wa akili akiachiwa hugundua mara moja, na mchezo unamtoka moyoni. Lakini vile vile babu akishindwa hufurahi kwelikweli, huenda kuwatangazia wenzake barazani kama vile ameshinda yeye.

Sasa binti anataka kucheza na hao wazee wa barazani. Babu amekubali, ila kwanza aangalie tu na atabiri kimya kimya, kisha wakirudi nyumbani ahesabiwe alizopatia. Ijumaa ataanza.