Kutoka Ujiji hadi Ilagala, kuitafuta bahari ya kale

Pale ufukweni Ujiji, wavuvi walikuwa wanaanua dagaa mchangani, mimi nimeinama naokota makoa ya konokono. Moja lilinishangaza. Lilikuwa dogo kama kunde, lakini nene, lina mbavu zilizosimama mstari kwa mstari, na mdomo wake umekunjwa kwa nje. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia karibu na mapango ya Amboni, kwenye chokaa ya bahari ya zama za Jurasi, enzi za dinosaria. Koa kama lile ningelikuta Tanga nisingeuliza. Lakini maji ya Ziwa Tanganyika ni matamu, na Bahari ya Hindi iko mbali kwa zaidi ya kilomita 1,000.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hayo ya nini?"

Nikamweleza. Akalichukua, akaligeuza kwenye kiganja, akanionyesha mdomo uliomeguka na kuota tena. "Huyu alinusurika kwa kaa," akasema, akaendelea na dagaa wake.

Mshangao wangu una wenzake wa zamani. Mpelelezi Mwingereza Speke alipofika hapa pamoja na mwenzake Burton mwaka 1858 alikusanya makoa, na mwaka uliofuata yakaandikwa London. Baadaye mwanazoolojia Mwingereza, J. E. S. Moore, akaja mara mbili miaka ya 1890. Akayalinganisha na visukuku vya Jurasi, akaamini kwamba ziwa hili ni kipande cha bahari kilichokatika na kuachwa bara. Ni wazo zuri mno, na nakiri nilitamani liwe kweli. Msafara wa mwanazoolojia mwingine, Cunnington, wa 1904 na 1905 haukuliunga mkono. Leo inajulikana kuwa ziwa limezaliwa na Bonde la Ufa, kati ya miaka milioni 9 na 12 iliyopita, na konokono hawa asili yao ni maji matamu. Unene na mbavu zile vimekuja kwa sababu ya maadui wanaovunja makoa, kaa wakiwa mbele. Mzee wa dagaa alikuwa ameshaniambia.

Bahari, basi, haikuwa ziwani. Lakini Kigoma bahari ipo, ndani ya mawe. Kesho yake alfajiri tulipanda Noah kuelekea kusini, mimi na mwenyeji wangu, mwalimu aliyesomea jiolojia. Vumbi, michikichi, kina mama na madumu ya mawese, hadi Ilagala karibu na mto Malagarasi.

Jiwe la Ilagala halikuiti ulitazame. Ni la kijivu, limekwaruzika juu, lina tabaka nyembamba. Mwalimu alilidondoshea tindikali iliyozimuliwa. Kimya. Akalikwangua kwa kisu, akadondoshea kwenye ule unga, na povu likaanza kufura taratibu. "Umeona? Chokaa tupu ingechemka papo hapo. Hii ina magnesi ndani yake, ni dolomiti."

Nilipitisha kioo cha kukuzia kwenye tabaka zile, nikitafuta hata kipande cha koa. Hakuna, na hakuwezi kuwa na hata kimoja. Juu ya chokaa hii ilimwagika lava yenye umri wa takribani miaka milioni 800, kwa hiyo jiwe lenyewe ni kongwe kuliko hapo. Wanyama wenye makoa walianza kuenea baharini yapata miaka milioni 540 iliyopita. Katika bahari za kale namna hiyo, waliosaidia chokaa kutuama walikuwa bakteria wanaoishi kwa mwanga wa jua, wakitandaza utando juu ya utando kwenye maji ya kina kifupi. Nilikaa pale nikiligusagusa lile jiwe mpaka mwalimu akaniambia tutakosa gari.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba kazi ile haijakoma. Kwenye miamba ya pwani za Tanganyika bakteria wa jamii hiyo wanaendelea kujenga chokaa, tabaka juu ya tabaka. Wataalamu huyaita stromatoliti, na kwa kuyapima wamejua jinsi kina cha ziwa kilivyopanda na kushuka. Atakayekwenda aende kiangazi, abebe kioo cha kukuzia na chupa ndogo ya tindikali, na gamba jeupe atakalolikuta juu ya mawe ya ziwani asilibandue.