Kiti, Upepo wa Tairi na Subira Kwenye Kona

Viganja vyangu bado vina ganzi ya mazoezi ya leo, lakini nimeona niandike kabla mawazo hayajapoa, hasa kwa ajili ya wale wanaoingia katika mbio za ridhaa za gokati, yaani vigari vidogo vya wazi vya mbio, wakiwa na swali lilelile la kwanza: ninunue injini gani? Mimi humrudishia muulizaji swali jingine, kwamba kiti chako kimefungwa wapi, na wengi huniangalia kama niliyekwepa jambo. Sikwepi. Naamini kwa dhati kwamba mwanamichezo wa ridhaa, ambaye fedha na saa zake ni chache, hupata kasi kubwa zaidi katika kiti, tairi na mikono yake mwenyewe kuliko katika injini yoyote.

Sababu iko katika umbo la chombo chenyewe. Tangu Art Ingels alipounda gokati ya kwanza huko California, Marekani, mwaka 1956, kwa kutumia injini ya mashine ya kukatia nyasi, gokati imeendelea kukosa vitu viwili ambavyo kila dereva wa gari amevizoea: haina springi wala shokapu, na haina difu, yaani gia zinazoruhusu magurudumu mawili ya ekseli moja kuzunguka kwa kasi tofauti. Ekseli ya nyuma ni kipande kimoja cha chuma kinachoyazungusha magurudumu yote mawili kwa kasi moja. Kwenye kona gurudumu la nje lina njia ndefu zaidi kuliko la ndani, na kwa kuwa ekseli haiwezi kuyatofautisha, lazima moja liburuzwe au linyanyuke. Gokati iliyopangwa vizuri hunyanyua. Usukani unapokatwa, pembe ambazo magurudumu ya mbele yamefungwa kwazo hulikandamiza chini gurudumu la mbele la ndani, fremu hujipinda, na gurudumu la nyuma la ndani huachana na lami kidogo sana, pengine kwa kimo ambacho mtazamaji hawezi hata kukiona. Fremu ndiyo springi. Na kwa kuwa dereva mtu mzima huwa na uzito unaokaribiana na ule wa gokati yenyewe, mwili wake ni sehemu ya mtambo huo sawa na bomba lolote la fremu.

Ndiyo maana kiti kinastahili asubuhi nzima ya kazi. Wengi huanza kwa kuiweka gokati juu ya mizani minne, dereva akiwa ameketi na vifaa vyake vyote, wakitafuta takriban asilimia 43 ya uzito mbele na 57 nyuma, kisha hurekebisha kulingana na njia. Kiti kikisogezwa mbele hata kwa sentimita moja, tairi za mbele hushika zaidi. Kikipandishwa, uzito huhamia upande wa nje kwa wepesi na gurudumu la ndani hunyanyuka mapema, jambo linalosaidia lami inapoteleza. Lakini lami ikiwa na moto na imegandwa na mpira wa matairi, kiti hichohicho kilichoinuliwa huifanya gokati irukeruke katikati ya kona. Kiti kiwe na upana unaoshika nyonga barabara. Anayeyumba ndani ya kiti chake hujishikilia kwa usukani, na usukani haukuwekwa kwa kazi hiyo. Kikinga mbavu nacho kivaliwe tangu siku ya kwanza, kwa maana mbavu za wageni huumia kabla ya kitu kingine chochote.

Leo nimejiangalia zaidi kwenye kona moja ndefu inayofuatwa na njia iliyonyooka, na hapo ndipo nilipoona tena kwamba kasi ya gokati ni suala la subira. Gokati nyingi zina breki za magurudumu ya nyuma tu, hivyo breki kali hukanyagwa usukani ukiwa umenyooka, la sivyo mkia hukutangulia. Baada ya hapo usukani hukatwa mara moja kwa uamuzi, ili gurudumu la ndani linyanyuke, kisha hufunguliwa mapema kadiri njia inavyoruhusu. Dereva anayeendelea kukata usukani hadi mwisho wa kona anaiburuza gokati, na sikio humwambia hivyo kabla ya saa ya kupimia mizunguko: injini huzubaa, mlio wake hushuka, na kasi aliyoipoteza ataifuatilia mpaka kona nyingine. Mabega yakae wima. Aliyetoka kwenye pikipiki hutamani kulalia upande wa ndani, lakini huko ni kulirudisha chini gurudumu ambalo fremu ilikuwa ikilinyanyua.

Tairi ndizo zilizonichukulia muda mwingi kati ya vipindi. Upepo hupimwa tairi zikiwa baridi, na hupimwa tena mara tu gokati inaposimama, kabla joto halijatoka, kwa geji ileile kila mara. Jua lilipopanda leo, kipimo kilichonifaa asubuhi kilianza kunipa gokati inayoteleza baada ya mizunguko michache, kwa kuwa upepo ulikuwa ukipanda kupita kiasi ndani ya tairi. Nikapunguza kidogo, sikugusa kitu kingine, na mshiko ukarudi. Kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati ni kanuni ninayoishikilia kuliko zote, na daftari langu lina safu ya upepo wa kila tairi, joto la hewa, idadi ya meno ya sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) na muda wa mizunguko yote, si ule bora pekee. Kuhusu sproketi yatosha kusema kwamba meno zaidi nyuma huongeza nguvu ya kutoka kwenye kona na hupunguza kasi ya mwisho.

Asiye na gokati yake asijione yuko nje ya haya. Gokati za kukodi hazikuruhusu kugusa chochote, kwa hiyo kila sekunde unayoipata imetoka kwako. Ayrton Senna, Mbrazili aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa Formula One, na aliyemaliza wa pili katika ubingwa wa dunia wa gokati mwaka 1979 na 1980 bila kuutwaa kamwe, aliulizwa mwaka 1993 ni mpinzani gani aliyemfurahia zaidi, akamtaja Terry Fullerton, dereva Mwingereza wa siku zake za gokati, akisema kwamba ule ulikuwa uendeshaji mtupu usio na siasa wala fedha. Hilo hunigusa kila ninapoona mtu wa ridhaa akimwazima mpinzani wake spana dakika chache kabla ya kuanza.

Kwa kuwa hakuna shokapu, mtetemo wote huingia kwenye fremu, na nati hulegea. Kabla ya kila kipindi mimi hukagua za usukani, za breki na za kiti, kisha hutazama cheni kama imekaa sawa na kinga yake iko mahali pake. Wiki ijayo, njia ikiwa kavu, kiti kitabaki kilipo na upepo utaanzia kipimo cha mchana wa leo; nitaongeza upana wa magurudumu ya mbele tu, nione kama gurudumu la ndani litanyanyuka mapema zaidi katika ile kona ndefu.